Nyumba Isiyo na Sahani Yenye Vitabu Viwili

Kijana mmoja wa Uingereza, John Bunyan, alipooa karibu na mwaka 1649, yeye na mkewe walikuwa maskini hata hawakuwa na sahani wala kijiko baina yao. Habari hiyo aliiandika mwenyewe baadaye, bila ya kuona haya. Lakini bibi arusi alikuja na vitabu viwili ambavyo baba yake alimwachia alipokufa, vyote viwili vya ibada: kimoja kilitungwa na Arthur Dent, cha pili na Lewis Bayly. Mara kwa mara mume na mke walikaa wakavisoma pamoja. Mume alikuwa fundi wa kuziba masufuria, na kabla ya hapo alikuwa askari. Kitabu cha Dent, ingawa ni cha dini, kimetungwa kwa mtindo wa mazungumzo ya watu wanne wanaobishana, na yamkini ndiyo sababu mtu asiyezoea kusoma aliweza kukimaliza.

Habari za nyumba ile si ngeni kwa watu wa Rugerero, kata ya wilaya ya Rubavu katika nchi ya Rwanda, mahali barabara inapotoka mji wa Gisenyi ulio kando ya Ziwa Kivu na kuelekea Nyundo. Huko Kinyarwanda ndicho lugha ya nyumbani, Kiswahili husikika sokoni, kambini na katika biashara ya kuvuka mpaka wa Goma, na Kifaransa na Kiingereza huletwa na watoto kutoka shuleni. Tangu mwaka 1994 mambo mengi yamebadilika, na mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi; lakini rafu ya vitabu katika nyumba ya kawaida bado ni fupi. Aghalabu huwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, kijitabu cha sala chenye jalada lililochakaa, daftari za watoto, na pengine riwaya moja iliyosahauliwa na mgeni. Je, riwaya ile ina haki ya kukaa karibu na Biblia? Na kijitabu cha sala, kwa kuwa ni cha sala, kisomwe bila ya kuulizwa neno?

Maswali haya ni ya zamani. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi inayoitwa leo Algeria, alijilaumu katika kitabu chake cha maungamo kwamba alipokuwa kijana shuleni alimlilia Dido, malkia wa hadithi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, wakati nafsi yake mwenyewe ilikuwa ikipotea na yeye hakutoa hata chozi moja. Hayo ndiyo mashtaka makali kupita yote juu ya hadithi za kubuni, nayo hayapasi kupuuzwa. Mtu aweza kulia machozi mengi kwa ajili ya yatima wa kitabuni, kisha akamfokea yatima aliye jikoni mwake. Lakini ni vema kukumbuka kwamba Agostino huyo huyo, ili awaeleze watu jinsi alivyompata Mungu, alisimulia hadithi ya jamaa: mama yake Monika, baba yake, rafiki zake, mwanawe. Maungamo yale yasingalidumu miaka elfu moja na mia sita kama yangalikuwa orodha ya mafundisho tu.

Bunyan naye alipenda sana masimulizi ya mashujaa na mazimwi kabla ya kuokoka. Alijiunga na jeshi la Bunge mwaka 1644 akiwa na umri wa miaka 16, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika jeshi hilo kulikuwako kijitabu cha askari, kilichochapishwa London mwaka 1643, chenye kurasa 16 za aya zilizochaguliwa kutoka Biblia, chepesi cha kutiwa mfukoni. Bunyan anasimulia kwamba siku moja aliteuliwa kwenda kwenye mazingiwa ya mji, mwenzake akaomba ashike nafasi yake. Mwenzake yule alipokuwa lindoni alipigwa risasi ya kichwa akafa. Askari yeyote aliyewahi kubadilishana zamu na mwenziwe anaelewa uzito wa habari hiyo, wala Bunyan hakuongeza maneno mengi ili kuieleza.

Baadaye alitiwa gerezani mwaka 1660 kwa kuhubiri bila ya idhini, akakaa humo karibu miaka kumi na miwili. Mkewe wa kwanza alikuwa amekwisha kufa. Mke wa pili, Elizabeth, aliachiwa watoto wanne ambao hakuwazaa, mmoja wao binti kipofu jina lake Mary, na mwaka 1661 alisimama mbele ya mahakimu kumwombea mumewe afunguliwe, wala hakufaulu. Mume alisuka kamba za viatu humo gerezani ili ziuzwe nyumbani wapate chakula. Anaandika kwamba kuachana na mkewe na watoto, hasa yule kipofu, kulikuwa kama kubanduliwa nyama kutoka mifupani.

Kutoka maisha hayo kikatoka kitabu cha safari ya msafiri aendaye mji wa mbinguni, kilichochapishwa mwaka 1678. Kwa hesabu ya watafiti kimefasiriwa katika lugha karibu 80 za Afrika, na Kiswahili ni miongoni mwa zilizotangulia, katika karne ya kumi na tisa. Wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha ibada. Kwa kweli ni hadithi ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho, yenye jitu, ngome na mapigano. Rafiki zake Bunyan hawakukubaliana: alipowaonyesha, wengine walisema kichapishwe, na wengine walisema la, kwa maana waliona si haki kuzungumza mambo ya wokovu kwa njia ya mchezo. Mtungaji alitia mzozo huo katika dibaji yake, akachapisha.

Sasa na afikiriwe mke wa askari anayekisoma kitabu hicho usiku, mumewe yuko kazini mbali. Katika kurasa za mwanzo kabisa anamkuta shujaa akikimbia kutoka nyumbani kwake, mke na watoto wakimlilia arudi, naye ameziba masikio kwa vidole asisikie. Wahubiri husema, na wana haki yao, kwamba maana yake ni kuuacha ulimwengu. Lakini mke huyo akinung'unika na kuuliza ni nani atakayewalisha watoto wale jioni ile, asiambiwe kwamba hana imani. Swali lake ni jema, na inaelekea lilimsumbua hata mtungaji, kwa sababu mwaka 1684 alichapisha sehemu ya pili, ambamo mke yule, amekwisha kuwa mjane, anafunga safari ile ile pamoja na wanawe wanne. Safari ya mama ina mwendo mwingine. Wanapumzika mara nyingi. Mtoto anakula matunda mabaya akaumwa tumbo. Vijana wanakua njiani na kuoa. Tena wanapewa mlinzi mwenye upanga, kofia ya chuma na ngao, ambaye angeweza kwenda mbio lakini anatembea kwa kadiri ya miguu ya watoto. Wasomaji wengi huishia sehemu ya kwanza, na watoto hupewa hiyo tu. Ni hasara, maana kwa nyumba za askari na polisi sehemu ya pili ndiyo yenye chakula kingi.

Karibu na Rugerero ni Nyundo, makao ya jimbo la Kanisa Katoliki. Askofu Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952 akiwa wa kwanza miongoni mwa Wanyarwanda, alianzisha mwaka 1954 gazeti la watoto lililoitwa Hobe, jina ambalo ni salamu ya kukumbatiana. Zaidi ya hayo alikusanya methali, vitendawili, mila, miiko na hadithi ndefu za kale za Wanyarwanda, akazichapisha huko huko Nyundo. Wako waliodhani kwamba padri kazi yake ni kuzifuta hadithi za moto wa jioni na kuweka katekisimu mahali pake. Askofu huyu alizitia wino. Alifariki mwaka 1986, na mtu atakaye kujua bibi zake waliamini nini kabla ya ubatizo hana budi kuvitafuta vitabu vyake.

Lakini jina la Nyundo haliwezi kutajwa bila ya kutaja mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia huko wakitumaini nyumba za Kanisa waliuawa humo. Waliouawa walikuwa na vitabu vya sala. Na wengi wa waliowaua walibatizwa na kufundishwa katika vitabu hivyo hivyo. Jambo hili linamkaa rohoni kila msomaji Mkristo wa Rwanda, na kwa sababu yake vijitabu vya ibada vyenye maneno laini, vinavyoahidi kwamba nyumba isomayo sala kila jioni haitapatwa na baya, havisomeki tena kwa urahisi. Si kwamba sala ni bure. Ni kwamba kitabu kisichojua lolote juu ya uovu hakimsaidii aliyeuona.

Immaculée Ilibagiza, Mkatoliki kutoka Kibuye upande wa mashariki wa Ziwa Kivu, alifichwa siku 91 pamoja na wanawake wengine katika choo kidogo cha nyumba ya mchungaji. Alikuwa na rozari aliyopewa na baba yake, akaazima Biblia, na kwa msaada wa kamusi akajifunza Kiingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 2006 anaeleza kwamba alipofika katika Baba Yetu mahali pa kusamehe waliotukosea, hakuweza kuyatamka maneno yale kwa moyo wake, kwa muda akawa anayaruka. Mtu aliyekuwa akisali saa nyingi kwa siku aliruka mstari kwa sababu hakutaka kumwambia Mungu uongo! Hapo ndipo sala ilipoanza kuwa sala. Baadaye alisamehe, na habari hiyo imetangazwa duniani kote. Lakini ule wakati wa kuruka maneno una mafundisho kupita mahubiri mengi, na haifai mwenye kusoma auharakishe apate kufika kwenye msamaha, sembuse kumhimiza jirani aliyefiwa afike kwa miguu ya mwingine.

Riwaya iliyozusha ubishi mkubwa katika nyumba za Wakristo wa Afrika Mashariki ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, iliyotoka mwaka 1971. Jina lake ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania. Ndani yake Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga vibaya binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa analelewa kwa hofu. Anapokwenda shule ya bweni na hofu ile haiko tena karibu, hana kitu kingine cha kumwongoza. Anaanguka, na mwisho wake ni kujiua. Kwa muda kitabu kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Baadaye kikaruhusiwa na kusomwa na wanafunzi wengi.

Wazazi waliokichukia walikuwa na sababu, maana mna mambo ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili hayamfai. Walakini wengi walimshtaki Rosa wakamwachilia Zakaria. Na aliyezoea kusoma Injili angalau angekumbuka ile hadithi nyingine ya baba na watoto, katika Luka sura ya 15, ambamo baba anamwona mwana mpotevu angali mbali, anamkimbilia. Hadithi ile nayo ni ya kubuni. Yesu hakutaja jina la mtu wala kijiji. Tena haina mwisho: mwana mkubwa ameachwa nje ya mlango amekasirika, na hatuambiwi kama aliingia. Vitabu vingi vya siku hizi vya jamaa za Kikristo, vinavyouzwa kwa jalada lenye picha ya baba, mama na watoto wanaocheka, vingemwingiza ndani kabla ya ukurasa wa mwisho na kumpa mkono wa ndugu yake. Mama wa Rugerero anayesoma vitabu vya namna hiyo na kujiona kwamba nyumba yake imeshindwa, kwa kuwa kwake watu hawapatani kwa haraka vile, asijilaumu. Baba aliyeko polisi, anayerudi alfajiri amechoka, akisomewa na mwanawe sura moja ya Luka amepata cha kuzungumza kwa wiki nzima.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mto Sebeya ulifurika, ukaingia katika nyumba za Rugerero, Nyundo, Kanama na Nyamyumba. Katika Rwanda watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya usiku ule, na maelfu walipoteza makazi. Mbele ya msiba kama huo kitabu ni kitu kidogo, lakini Biblia yenye majina ya watoto na siku zao za ubatizo hainunuliki tena dukani. Kwa wakaao kando ya mto, hapana budi vitabu hivyo vikae juu, katika mfuko wa plastiki uliofungwa. Kikilowa, kisianikwe juani, kwa maana karatasi hujikunja na gundi hupasuka. Kisifunguliwe kwa nguvu kurasa zinaposhikana. Kisimamishwe kivulini penye upepo, karatasi nyeupe kavu zitiwe kati ya kurasa, zibadilishwe kila zinapolowa. Gazeti lisitumike kwa kazi hiyo, wino wake utahamia. Kitabu kikikaribia kukauka, kilazwe chini ya ubao wenye jiwe zito kwa siku kadhaa.