SIMU KATIKA MJENGO

Wengi wetu tunajua simu kuwa chombo cha kupigia gumzo na kutazamia mpira. Lakini kwa mwanagenzi wa ujenzi, simu hiyo hiyo yaweza kuwa daftari na mwalimu. Katika makala haya nitaeleza kwa nini.

Kazi ya mjengo ina shida ambayo darasani haipo: inajifunika. Nondo zikishafungwa na zege likamwagwa, mwanagenzi hawezi tena kuona zilivyopishana. Kakangu, anayejifunza uashi, hupiga picha kabla zege halijamwagwa. Jioni huzifungua picha hizo na kuandika vipimo. Fundi akieleza jambo, humwomba ruhusa arekodi sauti yake, maana mtu aliyebeba karai hawezi kushika kalamu.

Faida ya pili ni kujua sababu. Ili kupata kona ya mraba, fundi hupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha huvuta kamba ya mshazari. Ikifika mita 5 barabara, kona ni sawa. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia, "Ndivyo tulivyofunzwa," basi. Ukitafuta kwenye simu utakuta ni kanuni ya Pythagoras tunayosoma hapa shuleni: 9 na 16 ni 25.

Hata hivyo, si kila king'aacho ni dhahabu. Video za Marekani hupima kwa futi na inchi, ilhali ramani zetu huchorwa kwa milimita. Tena, video itakuambia uchanganye karai 1 la simiti, 2 ya mchanga na 4 ya kokoto, lakini haikuonyeshi uzito wa zege kwenye sepetu. Maji yakizidi, zege hupoteza nguvu. Kiasi hicho mkono hukijua kwa kurudiarudia mbele ya fundi. Na ukiwa juu ya jukwaa, simu ikae mfukoni!

Jambo hili si mchezo. Mnamo Aprili 2016, jumba la orofa 6 lilianguka Huruma, Nairobi, likaua makumi ya watu. Ukuta mbovu haufutwi kama picha.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi mwanagenzi aulize simu, kisha amuulize fundi, simiti ingali ndani ya mfuko.