Minji kwa Gunia: Vile Utapata Chapo Minji ya Kejani Bila Kulisha Wadudu Wala Kula Sumu

Tuanze na ile beef ya kila siku: chapo madondo ama chapo minji? Kama wewe ni tim madondo, pole, leo si siku yako. Leo tunaongea na wale wasee wakiona karai ya minji mbichi kwa meza ya mama mboga wanasahau hadi fare ya kurudi nyumbani.

Shida ni kile kikombe cha kupimia. Unanunua kimoja, unafika keja, unagundua viazi ndio wenye sufuria na minji wamekuja tu kama wageni. Ndio maana wasee kibao wameanza kukuza zao kwa gunia, ndoo na madebe, kwa balkoni ama kwa ka-nafasi kadogo nyuma ya ploti. Inaanza poa. Halafu wiki ya tano wadudu wanaingia, mtu anapaniki, anakimbilia agroveti, anapiga dawa kali jioni. Kesho yake anachuma, anakula.

Manze, hapo ndio kuna noma. Minji haivunwi siku moja ikaisha. Mmea mmoja unaweza kuwa na maua juu, maganda machanga katikati na maganda yamejaa chini, yote kwa wakati mmoja. Ukianza kuchuma, unachuma kila siku 2 ama 3. Na dawa za wadudu huwa na siku za kungoja kabla uchume, ziko kwa lebo: zingine siku 3, zingine 7, zingine 14. Piga hesabu. Ukingoja siku 14, minji zimekauka. Usipongoja, unakula dawa. Na mtoto wa jirani mwenye hupita akivunja ganda moja na kulitafuna hapo hapo? Yeye hasomi lebo.

Usidhani hii ni story ya balkoni pekee. Kuanzia Januari 2013, Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya mizigo ya minji za maganda na mishiri kutoka Kenya, juu masalia ya dawa yalikuwa yamepatikana ndani. Hao wa majuu walikuwa na mtu wa kuwapimia. Zako za kwa sufuria hakuna mtu anapima. Ni wewe.

Kwa hivyo form ni moja: panda wakati unaofaa, angalia mapema, tumia mkono kabla ya chupa. Twende pole pole.

Minji ni mtoto wa baridi

Kuna sababu minji inatoka Kinangop, Limuru na pande za Nyahururu. Huu mmea unapenda nyuzi 13 hadi 21 hivi. Joto likipita 27 hivi, maua yanaanza kuanguka kabla yafanye ganda, na hakuna dawa ya hiyo. Mmea ukiwa umechomwa na jua na una kiu, wadudu nao wanaupata ukiwa mnyonge.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hivyo tuko sawa, lakini si mwaka mzima. Ukipanda kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni, maua yanakuja ile miezi ya baridi kila mtu ako na hudi. Hiyo ndiyo siri kubwa kwa hii story yote. Nafasi ya pili ni Oktoba mvua ikianza, na usichelewe, juu Januari jua halina huruma.

Kama unaishi Mombasa ama Kisumu, tusidanganyane: minji itakusumbua. Jaribu kunde. Joto ndilo kwao.

Gunia, udongo na mbegu

Unahitaji kitu chenye kina cha angalau sentimita 30 na matundu chini. Gunia, debe la lita 20, hata beseni lililovunjika. Changanya udongo sehemu 2 na samadi iliyooza vizuri sehemu 1. Samadi mbichi achana nayo. Na usizidishe hata ile iliyooza: minji hushirikiana na bakteria kwa mizizi kutengeneza naitrojeni yake kutoka kwa hewa. Ukiilisha sana unapata majani ya kupigia picha na maganda ya kuhesabu na vidole. Na hayo majani laini ndiyo vidukari hupenda.

Mbegu nunua agroveti. Pakiti ikiwa na stika ya KEPHIS ya kukwaruza, tuma hiyo namba kwa 1393 ujue kama ni mbegu halali. Zile minji laini za mama mboga hazitaota vizuri, zilichumwa kabla zikomae. Na mbegu ikiwa imepakwa rangi, pinki ama nyekundu, hiyo ni dawa. Usipike zilizobaki, na unawe mikono ukimaliza kupanda.

Zamisha mbegu sentimita 2 hadi 3, uache sentimita 5 hadi 8 kati ya moja na nyingine. Gunia moja linabeba mimea 10 ama 12 hapo juu. Zitachipuka kwa siku 7 hadi 10. Zikifika urefu wa kiganja, zipe kitu cha kushika. Ule mkono wao mwembamba hauwezi kuzunguka mti mnene, kwa hivyo tumia kamba, vijiti vyembamba ama waya wa zamani.

Kitu kingine tamu: ua la minji hujichavusha lenyewe. Hata kama unakaa ghorofa ya nane na hujawahi kuona nyuki huko, utapata maganda.

Wezi wako ni hawa

Kila asubuhi kabla ushike simu, ama basi hata ukiwa nayo mkononi, toa dakika 3. Geuza majani, angalia chini yake na kwa ncha za juu. Hizo dakika 3 ndizo dawa namba moja, na sababu iko hapa chini.

*Vidukari.* Hawa ni wale wadogo wa kijani ama weusi wanajazana kwa ncha na kufyonza maji ya mmea. Jike la kidukari halihitaji dume. Linazaa watoto hai, na mtoto akifika wiki moja hivi anaanza kuzaa pia. Leo unaona 5, ukipuuza wiki mbili ni mtaa mzima. Ukiwaona wachache, waponde na vidole ama uwapige na maji ya nguvu. Wakizidi, weka kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuosha vyombo kwa lita moja ya maji, upulizie jioni, hasa chini ya majani. Jaribu jani moja kwanza, ungoje siku moja uone kama linaungua. Sabuni ya unga ya kufulia hapana. Hii kitu huua tu mdudu iliyemgusa, kwa hivyo rudia kila siku 3 ama 4 hadi waishe. Na kabla ule, osha maganda, story imeisha.

Ukiona chungu wakipanda na kushuka kwa shina, usidhani ni wapita njia. Wanalinda vidukari juu wanakunywa ile sukari vidukari hutoa. Kata hiyo barabara: inua gunia juu ya mawe na upake grisi kwa vile vijiti vinavyogusa ukuta.

Na kuna mbogi yako. Yule mdudu wa mviringo, mwekundu na madoa meusi, anakula vidukari kama njugu. Watoto wake hawamfanani hata kidogo, wanakaa kama ka-mamba kadogo keusi na machungwa. Wasee wengi huwaua wakidhani ni adui. Waache wafanye kazi. Dawa kali ukipiga inawaua hawa pia, na vidukari wakirudi hawapati askari.

*Wachimba majani.* Ukiona mistari myeupe imejipinda kwa jani kama mtoto amechora na kalamu, kuna kifunza anakula ndani, kati ya ngozi mbili za jani. Sabuni haimfikii. Chuma hilo jani, lifunge kwa karatasi ya plastiki, ulitupe mbali. Mama yake ni nzi mdogo anayependa rangi ya manjano, na hapa Kenya manjano iko kila mahali: kata kipande cha mtungi wa maji wa manjano, upake mafuta ya kujipaka yale mazito, ukitundike karibu na mimea. Atakuja mwenyewe, atanata.

*Funza mkata-shina.* Umelala, miche iko fiti. Umeamka, mche umelala chini kama umekatwa na wembe. Huyo hufanya kazi usiku na mchana anajificha kwa udongo. Chimbua na kidole hapo karibu na shina, utampata amejikunja. Miche iliyobaki ivalishe kola ya karatasi, ile ya ndani ya tishu, ukiizamisha kidogo kwa udongo.

*Viwavi wa maganda.* Tundu safi kwa ganda maana yake kuna mtu ndani anakula chapo minji yako bila chapo. Toka na tochi jioni, watoe na mkono. Maganda yenye tundu yatoe pia.

*Ukungu mweupe.* Huyu si mdudu, lakini atakutembelea. Majani yanaonekana kama yamemwagiwa unga wa ngano. Nafasi kati ya mimea ndiyo kinga, hewa ipite. Mwagilia asubuhi, kwa udongo. Jani likianza, litoe. Maziwa kipimo 1 kwa maji vipimo 9, ukipulizia siku ya jua, husaidia kupunguza.

*Ndege na panya.* Hapa hakuna sayansi. Neti ya mbu iliyozeeka ndiyo mwisho wa mambo, na CD za zamani ukizitundika zinatisha ndege siku chache kabla wazoee.

Ukilazimika kununua dawa

Kuna siku mkono utashindwa. Sawa. Anza na mafuta ya mwarobaini. Lakini iwe gani, chupa iwe na lebo na namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali ya dawa za wadudu. Kama lebo haitaji minji, wacha. Soma siku za kungoja, uziandike kwa kalenda ya simu. Kama maganda yako tayari, chuma kwanza yote, ndio upulize. Ile dawa ya kupimiwa kwa chupa ya soda haina jina, haina kipimo, na kwa keja yenye watoto ni ajali inangoja kiu ya mtu.

Kuchuma

Siku 60 hadi 90 tangu upande, kulingana na mbegu, ganda linajaa likiwa bado linang'aa. Likififia, sukari imegeuka wanga na minji inakuwa kama maharagwe. Shika shina na mkono mmoja, chuma na ule mwingine, juu mmea wenyewe ni mwepesi kung'oka. Chuma mara kwa mara, utaendelea kutoa maua. Pika siku hiyo hiyo, sukari huanza kupotea ikishachumwa. Ndio maana za kejani huwa tamu hivyo.

Tuwe wakweli: gunia moja halitakuomosha. Litakupa sufuria moja ama mbili za ukweli. Ukitaka kulisha nyumba, panda magunia 3, ukiachanisha wiki mbili mbili. Zikiisha, kata mashina, uache mizizi kwa udongo, upande sukuma hapo. Msimu ukifuata weka minji kwa udongo mwingine, ugonjwa usikungoje mlangoni.

Na ile siku utaweka hiyo sufuria mezani, jirani akiuliza umepiga dawa gani, utakuwa na jibu fupi: macho na vidole.