‘Kupitisha hoja’ kwenye kompyuta: ni hoja ipi hiyo?

Mkenya akisikia ‘kupitisha hoja’ huliona Bunge: spika kitini, wa ndio wakipaaza sauti kuwashinda wa la. Ndiyo maana nilipoyakuta maneno hayo katika tafsiri ya somo la kuandika programu, nilimhurumia msomaji. Mfasiri alifungua kamusi, akaona neno la Kiingereza lina maana ya hoja ya mjadala, akaandika hoja. Ila kinachozungumziwa hapo si mjadala hata kidogo.

Hebu tutazame kitu chenyewe. Chukua MapTool, programu ya bure wanayoitumia wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika mezani, mithili ya Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka wa 1974. Humo mchezaji huweza kuandika makro, yaani maagizo mafupi ya kurusha dadu na kuhesabu majeraha, kisha kwa amri ya defineFunction akaipa jina ili aiite wakati wowote kama fanksheni. Tuseme ameiita ‘shambulia’. Akiandika shambulia("Shujaa", "Zimwi", "upanga"), fanksheni inapewa vitu vitatu. Ndani yake arg(0) ni Shujaa, arg(1) ni Zimwi na arg(2) ni upanga. (Naam, kompyuta huanza kuhesabu kwa sufuri.)

Mwalimu wa sarufi hapa atatabasamu. Si hii ni sentensi ‘Shujaa alimshambulia zimwi kwa upanga’? Kiima, yambwa tendwa, ala. Kitenzi kina nafasi zake na kila nafasi ina mwenyewe. Kauli ya kutendea huongeza nafasi: ‘Asha anapika wali’ huwa ‘Asha anampikia nyanya wali’.

Lakini Kiswahili kina uhuru ambao mashine haina. Ukisema ‘Kwa upanga, shujaa alimshambulia zimwi’, upanga umehama na ‘kwa’ imeufuata huko huko. Ukisema ‘Wali, Asha anampikia nyanya’, hakuna atakayedhani wali ndio unaopika, kwa kuwa kiambishi a- hakiukubali. Sasa mwandikie MapTool shambulia("upanga", "Shujaa", "Zimwi"): upanga utakuwa mshambuliaji, na shujaa maskini atapigwa kwa zimwi! Fanksheni haijui ngeli wala kihusishi, inajua foleni tu. Kusema kweli, hata sisi hutegemea foleni pale wahusika wanapokuwa wa ngeli moja. Ni mpangilio unaotuambia nani kamshambulia nani kati ya shujaa na zimwi.

Idadi nayo ina mambo yake. Kuna argCount(), inayoeleza vimekuja vingapi. Kwa hiyo mwandishi anaweza kuagiza kwamba ala isipotajwa, shujaa atumie ngumi. Asipochukua tahadhari hiyo, akadai arg(2) ilhali vimeletwa viwili, makro inagoma.

Jambo linalonishawishi zaidi kuhusu istilahi ni hili: kwa kawaida fanksheni ya MapTool haioni thamani zilizohifadhiwa na makro iliyoiita. Ina chumba chake. Kisichokabidhiwa mlangoni hakimo ndani, hata kama kimetajwa mstari mmoja tu juu yake. Basi kitendo hiki ni kukabidhi, wala si kupitisha. Na vinavyokabidhiwa? Nilifikiria ‘yambwa’, nikaiacha kwa sababu kiima nacho kimo kwenye foleni. Mimi napendekeza ‘kijazo’, kwa maana kinajaza nafasi, kama tunavyojaza fomu. ‘Kukabidhi vijazo’ haitamkumbusha mtu yeyote wabunge.

Anayeiandika fanksheni huacha nafasi, anayeiita huleta vijazo. Kiingereza kina maneno mawili kwa pande hizi mbili, na waandishi wa programu huyachanganya kila siku.