Ufuta, ulezi na sukari guru: Mizigo ya mipakani kwetu, lishe ya kila msimu India

KILA mwaka ifikapo Januari 14, majirani katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, hutembeleana wakiwa na vitonge vidogo vya ufuta uliokaangwa na kushikamanishwa kwa sukari guru. Anayetoa humwomba anayepokea awe na maneno matamu mwaka mzima. Sikukuu hiyo ni Makar Sankranti, ambayo miaka mingine huangukia Januari 15, na vitonge hivyo huitwa tilgul. Kwa Kimarathi, til ni ufuta na gul ni sukari guru.

Kwa mfanyabiashara anayevusha magunia Busia, Elegu au Namanga, hakuna kigeni ndani ya kitonge hicho. Ufuta ni miongoni mwa mazao makuu ya biashara Lindi na Mtwara, na kaskazini mwa Uganda, kuanzia Lira hadi Gulu, huitwa simsim. Sukari guru, ambayo Wakenya wengi huita nguru, hupikwa kwenye viwanda vidogo vya Kakamega na vya mashariki mwa Uganda.

Tofauti iko kwenye matumizi. India, kila kiungo kina msimu wake na mlaji wake: cha baridi, cha jua kali, cha mzazi, cha mtoto. Huku kwetu, mara nyingi mwenye gunia anajua bei ya leo tu. Sehemu kubwa ya sukari guru inayozunguka mipakani huishia kwenye mapipa ya chang'aa na waragi, ilhali upande wa pili wa bahari bidhaa hiyo hiyo huwekwa kwenye chakula cha mama aliyejifungua.

Chakula hufuata hali ya hewa

Katika tiba ya jadi ya India, Ayurveda, vyakula hugawanywa kuwa vya moto na vya baridi, mgawanyo ambao wazee wa pwani ya Afrika Mashariki nao wanaujua. Ufuta na sukari guru huhesabiwa kuwa vya moto, ndiyo maana huliwa zaidi Desemba na Januari, wakati wa baridi. Ukiacha imani, ufuta una mafuta mengi na protini, na kitonge kimoja humshibisha mtu kuliko ukubwa wake.

Ndugu yake ni chikki, karanga zilizoshikamanishwa kwa sukari guru iliyochemshwa, kisha kukatwa vipande. Mji wa Lonavala, katikati ya Mumbai na Pune, unajulikana India nzima kwa chikki. Mtu wa Mombasa au Unguja akionyeshwa ataiita kashata bila kuuliza.

Jua likiwaka, mambo hubadilika. Bihar, ambako joto la Mei hupita nyuzi 40, watu hunywa sattu. Huo ni unga wa dengu zilizokaangwa, hukorogwa kwa maji baridi, chumvi, ndimu na bizari nyembamba. Vibarua na wakulima huutegemea kwa sababu ni rahisi, hauhitaji moto na una protini ya kutosha kumfikisha mtu jioni.

Kitonge cha mzazi

Chakula kinachopewa uzito zaidi ni cha mama aliyejifungua. Punjab huandaa panjiri, unga wa ngano uliokaangwa kwa samli na kuchanganywa na sukari, lozi, mbegu na utomvu mkavu wa miti unaoliwa. Rajasthan na Gujarat utomvu huo hukaangwa hadi uvimbe, kisha hutiwa kwenye ladu. Wengine hutengeneza ladu za uwatu. Mzazi hupewa kipande kidogo pamoja na maziwa ya moto kwa wiki kadhaa.

Mantiki yake ni nyepesi. Mwanamke aliyechoka, asiye na hamu ya kula sahani kubwa, hupata nguvu nyingi kwa tonge chache. Kwamba uwatu huongeza maziwa ni imani ya siku nyingi ambayo sayansi bado haijaikatia shauri.

Pwani yetu ina kumbukumbu ya mambo haya. Neno ladu limo katika Kiswahili, na uwatu umo kwenye makabati ya jikoni kuanzia Lamu hadi Zanzibar. Hata neno guru katika sukari guru asili yake ni lugha za India.

Ulezi ulivuka bahari

Kuna safari nyingine iliyokwenda upande wa pili. Ulezi, au wimbi kama unavyoitwa na wengi Kenya, asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, na ulifika India maelfu ya miaka iliyopita. Leo Karnataka huusonga kuwa mudde, donge zito la mviringo linalomegwa na kuchovywa kwenye mchuzi. Ni ugali kwa jina jingine.

Kusini mwa India, unga wa ulezi uliooteshwa, yaani kimea, hupikiwa watoto uji. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi ambacho nafaka nyingine haziukaribii.

Kwa miaka mingi nafaka hii ilidharauliwa mijini kuwa chakula cha maskini. Serikali ya India ikaanza kuipigia debe, na kwa pendekezo lake Umoja wa Mataifa uliutangaza 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi, uwele na mtama. Sasa biskuti na ladu za ulezi ziko kwenye maduka ya Bengaluru. Magunia yanayopita Busia na Isebania bado huuzwa kama nafaka ghafi, nyingi ikiwa na mchanga.

Utamu una mipaka

Wanaouza vyakula hivi hupenda kudai kwamba sukari guru haina madhara. Si kweli. Ina madini kidogo kuliko inavyosifiwa, na sehemu yake kubwa ni sukari ile ile inayopandisha sukari mwilini. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la India uliotolewa 2023 ulikadiria kwamba Wahindi milioni 101 wanaishi na kisukari. Ladu iliundwa kwa ajili ya mkulima wakati wa baridi na mzazi aliye kitandani. Mtu anayeshinda dukani amekaa hahitaji sita kwa siku.

Somo la mbaazi

Wafanyabiashara wa Tanzania, Malawi na Msumbiji hawajasahau 2017. Mbaazi, ambazo India huzipika kila siku kama dali, zilikuwa zimevunwa kwa wingi huko huko India. Agosti mwaka huo Delhi iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei vijijini ikaporomoka, na wapo waliobaki na maghala yaliyojaa. Nje ya pwani, wanakolia mbaazi za nazi asubuhi, hapakuwa na walaji wa kutosha wa kuziokoa.

Ndiyo maana kujua jikoni kunalipa. Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala zina familia zenye asili ya India na maduka ya vitamu vyao. Diwali, kati ya Oktoba na Novemba, huhitaji unga wa dengu kwa ajili ya ladu. Januari ni zamu ya ufuta na sukari guru. Walaji wengine ni watoto wa shule na abiria wa mabasi, ambao tayari hununua kashata na vitonge vya simsim.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, shehena isiyozidi dola 2,000 ya bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachotolewa pale pale mpakani. Kinachokwamisha wengi ni ubora. Kiwango cha Jumuiya kwa karanga ni sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na karanga zilizofungwa mbichi kwenye gunia la plastiki hukipita kwa urahisi. Kukausha vizuri, kupepeta na kutenganisha mizigo huanza kabla ya lori kupakiwa.

Anayepanga kununua ufuta wa kusini mwa Tanzania unaovunwa katikati ya mwaka ana miezi kama sita kabla ya Makar Sankranti. Ni muda wa kutosha kumuuliza mnunuzi swali ambalo wengi huliruka: mzigo huu utaliwa na nani, na lini?