Usikariri saini na kosaini, chora paa

Kama uko Kidato cha Nne na ukisikia saini na kosaini tumbo linanguruma, keti hapa kidogo. Mimi hesabu ndiyo ilinitoa chuo. Nilikuwa nasomea ujenzi, nakariri kanuni usiku kucha, asubuhi kwa mtihani zote zimeyeyuka. Nikaacha, nikaingia mjengo kusaidia fundi wa paa. Huko ndiko nikaelewa, tayari nimechelewa.

Fundi akitaka kona ikae sawa, anapima mita 3 upande huu na mita 4 upande ule. Kamba ya kukatiza ikitoa 5 kamili, kona ni digrii 90. Siku moja ikanigonga: kumbe hii ndiyo ile hesabu!

Chora nusu ya paa. Kimo 3, upana 4, mbao ya mteremko 5. Kwa pembe ya chini, saini ni kimo gawanya kwa mbao: 0.6. Kosaini ni upana gawanya kwa mbao: 0.8. Zidisha kila moja kwa yenyewe, ujumlishe: 0.36 + 0.64 = 1. Si bahati. Ni Pythagoras yuleyule, ila pande zote zimegawanywa kwa urefu wa mbao. Ndiyo maana sin²x + cos²x = 1, hata ubadilishe mteremko.

Kwa hivyo ukiambiwa sin x = 0.6 na x ni pembe kali, kikokotoo cha nini? 1 toa 0.36 ni 0.64, kipeuo chake 0.8. Hiyo ndiyo kosaini. Chunga tu: pembe ikiwa kati ya digrii 90 na 180, jibu ni −0.8. Wengi huangukia hapo.

Sasa panda juu ya paa. Kwa pembe ya juu, kimo na upana vinabadilishana kazi. Saini ya pembe moja ni kosaini ya mwenzake, na zote mbili zinafanya 90. Basi sin (x + 20) = cos 40 isikutishe: x + 20 + 40 = 90, x ni digrii 30. Mstari mmoja tu, alama zako hizo.

Usiache kama mimi kabla hujachora. Jaribu hii leo jioni: cos x = 0.28, pembe kali, tafuta saini. Ukipata 0.96, uko sawa, buda.