Akiba Isiyookoa: Makosa ya Kujiandaa kwa Kuporomoka kwa Jamii

Kosa la kwanza katika kujiandaa kwa kuporomoka kwa jamii ni kuwazia siku moja. Anayepanga huona asubuhi ambayo umeme umekatika, benki zimefungwa, polisi hawaonekani na kila mtu anahangaika na lake. Kwa ajili ya siku hiyo hununua magunia ya nafaka, tochi na madumu ya mafuta, kisha huisubiri. Jamii nyingi zilizoporomoka hazikuporomoka hivyo. Huduma zilipungua moja baada ya nyingine kwa miaka, na watu wakaendelea kulima, kuoana, kuzikana na kupeleka watoto shule huku kila kitu kikizidi kuwa kigumu.

Usukumani ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili, hasa eneo ambalo tangu Machi 2012 ni Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi na watu 2,140,497 kwa sensa ya 2022. Wazee wa huko wamewahi kuona mifumo ikilegea hatua kwa hatua. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivyokuwa vikinunua pamba yao vilifutwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita vilivyofuata vikameza fedha za kigeni za nchi wakati uleule ambapo bei ya mafuta duniani ilikuwa ikipanda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, vitenge, mafuta ya taa na vipuri vya baiskeli vilikuwa bidhaa adimu. Hakuna siku ambayo mtu wa Maswa au Bariadi angeweza kusema kwamba leo ndiyo serikali imeanguka, na kweli haikuanguka. Lakini rafu za duka la kijiji zilikuwa tupu, dawa za zahanati haba, na fedha ya pamba haikununua kitu hata ilipolipwa. Wakulima wengi walipunguza pamba wakaongeza mazao ya chakula. Aliyekuwa na akiba ya mwezi mmoja aliimaliza kabla dhiki yenyewe haijakomaa, na aliyebadilisha alichopanda shambani ndiye aliyekuwa amejiandaa, hata kama mwenyewe hakuwahi kuliita jambo hilo maandalizi.

Kutokana na kosa hilo hutokea la pili, yaani kuamini lundo. Chakula kingi kilichorundikwa chumbani kina maadui watatu, na njaa si mmoja wao. Wa kwanza ni mdudu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dumuzi wa kigeni kutoka Amerika ya Kati aliingia Tanzania kupitia Tabora, na wakulima wakampachika jina la Scania. Mdudu huyu hutoboa mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, hutoboa makopa ya muhogo, hutoboa hata mbao za kihenge. Mahindi yaliyohifadhiwa bila kinga yanaweza kupoteza karibu theluthi ya uzito wake ndani ya miezi michache, na kinachobaki ni unga mwembamba chini ya gunia. Adui wa pili ni unyevu. Nafaka iliyofungiwa kabla haijakauka vizuri huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na waliokufa walikuwa na chakula ndani ya nyumba.

Adui wa tatu ni macho ya watu. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianzisha msako wa wahujumu uchumi na kuunda mahakama maalumu ya kuwashughulikia. Katika miezi ile, katoni za sabuni au magunia ya sukari nyumbani kwa mtu yaligeuka kuwa ushahidi dhidi yake. Wako waliotupa bidhaa usiku maporini kwa kuogopa kukutwa nazo. Hili si jambo la Tanzania peke yake: wakati wa uhaba, ghala la mtu mmoja huonwa na majirani kuwa haki yao iliyofichwa, na serikali iliyobanwa haikawii kukubaliana nao.

Kinachodumu zaidi ya lundo ni maarifa ya kusindika. Katika Simiyu na sehemu nyingine za Usukumani, viazi vitamu vikishavunwa humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani, mara nyingi juu ya miamba, vikawa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kukaushwa, huwa matobolwa. Kazi hii hufanywa kiangazi, jua likiwa kali na hewa kavu, na kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake. Michembe huliwa miezi ya mwanzo wa mvua, wakati shamba limelimwa lakini halijatoa kitu, ikipikwa na karanga au kuliwa na maziwa. Uwele na ulezi nao, kwa udogo wa punje zake, huvumilia ghala kuliko mahindi. Kaya yenye kidogo cha kila kimoja, kila kimoja kikiwa na msimu wake wa kuliwa, iko mbele ya kaya yenye magunia 30 ya mahindi ya aina moja.

Maarifa hayo hayapatikani siku ya dhiki. Mfano mchungu uko jirani, Tarime, ambako mwaka 1985 watu kadhaa, wengi wao watoto na wanawake, walishikwa ghafla na ulemavu wa miguu usiopona. Ni ugonjwa wa konzo. Ulikuwa wakati wa ukame. Muhogo mchungu ulistahimili ukame huo, lakini una sumu ya sayanidi ambayo huondolewa kwa kuvundikwa na kukaushwa kwa siku nyingi. Watu wenye njaa walifupisha muda huo, na mlo wao haukuwa na protini ya kutosha kuusaidia mwili kuishinda sumu iliyobaki. Zao lililosifiwa kuwa kinga ya njaa ndilo lililowavunja miguu. Mtu anayepanga kuishi kwa muhogo, kwa mizizi ya porini au kwa mnyama wa kuwinda, ambavyo hajawahi kuvitegemea hata wiki moja, anapanga jambo la hatari kuliko anavyodhani.

Kosa jingine ni kuweka utajiri wote katika umbo moja. Kwa Msukuma umbo hilo kwa kawaida ni ng'ombe, na ng'ombe ni akiba nzuri: hutembea, huzaa, hukamuliwa, hulima. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe. Mpelelezi Oscar Baumann, aliyekatiza Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 kuelekea Ziwa Victoria, aliwakuta Wamaasai waliobaki mifupa na ngozi. Wasukuma nao waliumia, ila walikuwa na mashamba ya mtama na uwele. Wamaasai wengi waliopona walipona kwa kukimbilia jamii za wakulima walizokuwa na udugu, ndoa au biashara nazo. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, lakini ukame haujatokomezwa, wala ndigana kali, ambayo hurudi mara tu josho linapokosa dawa. Desturi ya kugawa kundi, ng'ombe wachache kwa shemeji Meatu, wachache kwa rafiki Itilima, ina mantiki ya kiuchumi kamili: mvua isiponyesha huku huenda imenyesha kule, na aliyepewa ng'ombe achunge na anywe maziwa yake ana sababu ya kumpokea mwenye kundi siku akifika mikono mitupu.

Fedha taslimu ina udhaifu wa aina hiyohiyo. Mei 1987 Uganda ilibadili sarafu yake, shilingi 100 za zamani kwa moja mpya, na kukata asilimia 30 juu yake. Aliyefukia noti alipoteza karibu theluthi kwa usiku mmoja. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, benki zilifungwa kwa miezi, na watu wenye mishahara ndani ya akaunti walishindwa kununua unga. Somalia, baada ya serikali na benki kuu kuanguka mwaka 1991, noti za zamani ziliendelea kukubalika sokoni kwa miaka. Hakuna awezaye kutabiri ni lipi kati ya hayo litatokea kwake, na ndiyo sababu ya kutotegemea umbo moja, liwe noti, akaunti au zizi.

Wapo wanaopanga kukimbilia porini. Katika Simiyu mpango huo hauna mahali pa kwenda. Upande wa mashariki kuna Pori la Akiba Maswa na Serengeti, ardhi ya wanyama na mbung'o, yenye maji ya shida kiangazi. Kwingineko ni mashamba na malisho yaliyojaa watu, na mgeni asiyejulikana anayelala kichakani huchukuliwa kuwa mwizi wa ng'ombe kabla hajafungua mdomo. Mtaalamu wa kujificha mwenye kisu kizuri atakuwa katika hali mbaya kuliko mzee asiye na kitu lakini anayejulikana ni mtoto wa nani.

Suala la usalama ndilo linalopotosha wengi. Dhana ni kwamba sheria ikilegea, mwenye silaha nzuri ndiye atakayesalimika. Baada ya vita vya Kagera silaha za moto zilizagaa, na wizi wa ng'ombe ukapamba moto Usukumani na Unyamwezini huku polisi wakiwa wachache na bila magari. Jibu lililopatikana, lililoanzia Kahama katika miaka ya 1981 na 1982 na kuenea hadi Bariadi, lilikuwa Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe. Walikuwa na pinde, mishale na filimbi dhidi ya bunduki. Nguvu yao ilikuwa mwano, ukelele wa hatari: ukipigwa, kila mwanamume mwenye afya hutoka na kufuata nyayo za ng'ombe hadi mpaka wa kijiji kinachofuata, ambacho nacho hupokea msako. Asiyetoka hutozwa faini, na akiendelea kukaidi hutengwa: haazimwi moto, hasaidiwi kuzika. Mwizi mwenye bunduki anaweza kuishinda kaya moja. Hawezi kupitisha ng'ombe 40 katika vijiji 10 ambavyo vyote vimeamka. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua.

Hata hivyo, kuisifu Sungusungu bila kusema upande wake wa pili ni kumdanganya msomaji. Vikundi hivyo viliwahi kutesa watuhumiwa, na viligeuka pia kusaka wachawi. Kwa miongo kadhaa Usukumani pameuawa wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe mahali ambapo kuni zimekwisha. Dhiki hutafuta mkosaji, na jamii iliyoshikamana humpata kwa urahisi zaidi: mjane, mgeni, asiye na watoto wa kumtetea. Mpango wa kijiji usiosema mapema nani atasikiliza tuhuma, kwa ushahidi gani, na adhabu gani haziruhusiwi kamwe, ni mpango wenye shimo ndani yake, hata kama ghala limejaa na mwano unasikika.

Maji na choo hupewa nafasi ndogo katika mipango mingi, ilhali ndivyo huua upesi. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma juu ya ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara. Wengi wao walikuwa wameziponyoka risasi. Simiyu ina ardhi inayochimbika, lakini kiangazi wengi hutegemea visima vya kuchimba kwenye mchanga wa mito iliyokauka, na kisima kisichozungushiwa uzio hunywewa na ng'ombe na watu pamoja. Pampu ya dizeli haifai kitu dizeli ikiadimika. Kisima kifupi kilichozungushiwa, choo kilicho mbali nacho upande wa chini, na mazoea ya kuchemsha maji hugharimu kidogo kuliko akiba ya vyakula vya kopo.

Mwisho ni mwaka wa pili, ambao karibu kila mpango huusahau. Jembe la kukokotwa na ng'ombe halihitaji mafuta, lakini ulimi wake huisha na lazima awepo fundi wa kuufua. Malisho yanahitaji ngitili, sehemu inayofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na ngitili zao, na kufikia 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, zilizoorodheshwa zilikuwa takriban hekta 600. Miaka isiyofika 20 baadaye zilikadiriwa kuwa hekta 300,000 au zaidi. Yalikuwa maandalizi ya muda mrefu, yaliyofanywa na wanakijiji wenyewe kwa sheria zao.

Mbegu ndizo nyeti kuliko yote. Mahindi chotara yakirudiwa kupandwa hupoteza nguvu, wakati uwele wa kienyeji huchaguliwa na mkulima mwenyewe kutoka masuke bora na kutunzwa juu ya moshi wa jiko. Viazi vitamu havina mbegu ya kuhifadhi ghalani. Hupandwa kwa marando, na marando hukauka kiangazi isipokuwa mahali penye unyevunyevu, kando ya kisima au bondeni. Kila mwaka wa ukame kaya nyingi hubaki bila rando hata moja, na mvua zikianza huenda kuomba kwa yule mwenye bonde. Mpango wa kaya unapaswa kumjua mtu huyo kwa jina, kujua yeye naye huhitaji nini, na kuwa umempelekea kabla mvua hazijachelewa.