Tao la Ushindi la Mji wa Paris

Desturi ya kujenga tao ili kuadhimisha ushindi wa vita yatoka kwa Warumi wa kale. Katika mji wa Paris, Ufaransa, limo tao moja la namna hiyo ambalo sifa zake zimeenea duniani kote.

Aliyeliamuru ni Napoleon, baada ya kuwashinda Warusi na Waaustria huko Austerlitz mwezi wa Desemba, 1805. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 15 Agosti, 1806, na mchora ramani wake alikuwa Jean Chalgrin. Kuchimba na kujenga misingi peke yake kulichukua miaka miwili hivi. Napoleon alipomwoa Marie-Louise wa Austria mwaka 1810, kuta zilikuwa zimeinuka kidogo tu. Basi ikasimamishwa sura ya tao kwa mbao na turubai iliyotiwa rangi, ili bibi arusi apite kwa heshima. Mwaka uliofuata Chalgrin akafariki. Mwaka 1814 Napoleon akaangushwa, na kazi ikasimama. Tao halikumalizika mpaka 1836, katika enzi ya Mfalme Louis-Philippe.

Kimo chake ni futi 164, upana futi 148, na unene futi 72. Halina nguzo za mapambo kama matao mengi ya Kirumi. Uzuri wake umo katika ukubwa na ulinganifu wa vipimo. Mbele na nyuma yako makundi manne makubwa ya sanamu. Lililo mashuhuri kupita yote lilichongwa na François Rude, nalo laonyesha watu waliojitolea kwenda vitani mwaka 1792. Katika kuta za ndani yamechorwa majina ya majemadari kwa mamia, na ya wale waliouawa vitani yamepigwa mstari chini.

Napoleon mwenyewe hakuliona likiwa tayari. Alifariki mwaka 1821 katika kisiwa cha Saint Helena, na tarehe 15 Desemba, 1840, akapita chini yake akiwa ndani ya jeneza.

Tarehe 28 Januari, 1921, akazikwa chini ya tao hilo askari mmoja aliyeuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, ambaye jina lake halijulikani. Tangu Novemba, 1923, moto wa kaburi lake huchochewa upya kila jioni. Katika Kenya pia ziko jamaa nyingi ambazo wazee wao walichukuliwa kuwa wapagazi katika vita vile, wala hawakurudi, wala makaburi yao hayajulikani. Watu wa namna hiyo wataelewa upesi kwa nini, katika jengo lililojaa majina ya wakuu, heshima ya kila siku hupewa yule asiye na jina.